Mwalimu Aliyebaki: Filamu za Walimu Mashujaa na Shule za Kitshanga



Nimeombwa nizungumze juu ya filamu za walimu. Nataja mapema ninakoelekea, ili asiyekubaliana nami aanze kutafuta hoja zake. Naona kwamba filamu hizi, nyingi kati yake, zimetupa mwalimu wa kupendwa na zimetuficha shule. Mji kama huu wetu wa Kitshanga, katika Masisi ya Kongo, ambao watoto wake wamesoma katikati ya vita kwa zaidi ya miaka 30, ndio unaoumia zaidi tunapoziamini bila kuuliza.

Filamu zenyewe mnazijua hata kama majina yake hamyakumbuki. Huja kwenye kadi za simu, huja kwenye vibanda vya video, nyingine zikiwa zimetiwa juu yake sauti ya mtafsiri wa Kiswahili, kazi iliyompa sifa Lufufu kule Tanzania na ambayo wengine wengi wameifuata. Kiunzi cha hadithi ni kilekile. Kuna shule ya mtaa maskini katika mji mkubwa. Vijana wanavuta bangi, wanapigana, wanamtukana mwalimu. Walimu wa zamani wamechoka, wanasubiri kengele ya mwisho. Anaingia mwalimu mpya, mgeni. Wiki ya kwanza wanamdhihaki. Wiki ya tatu anagundua njia yake: ngumi, nyimbo, kitabu kimoja, au neno moja la heshima. Mwisho wa mwaka vijana wamebadilika, wanalia, na mwalimu aliyetaka kuondoka anabaki. Mgeni njoo, mwenyeji apone: wazee wetu walisema zamani, na Hollywood ikaigeuza kuwa biashara.

Mti huu ulipandwa mwaka 1955, kwa filamu ya Richard Brooks iitwayo Blackboard Jungle. Glenn Ford ni mwalimu, na kati ya wanafunzi wake wakorofi yumo kijana mweusi, Sidney Poitier. Miaka 12 baadaye, mwaka 1967, Poitier huyohuyo anasimama upande wa pili wa meza, sasa ni mwalimu, katika To Sir, with Love. Filamu hiyo ilitokana na kitabu cha E. R. Braithwaite, mtu wa Guyana, aliyerusha ndege za Uingereza katika vita vya pili vya dunia, akasoma fizikia Cambridge, kisha akanyimwa kazi za ufundi kwa sababu ya rangi yake. Akaishia kufundisha watoto wa makabwela mashariki mwa London. Namheshimu sana Braithwaite. Katika filamu nyingi za aina hii mwokozi ni Mzungu na wanaookolewa ni weusi au Walatino. Kwake mambo yalikuwa kinyume, na yeye mwenyewe alikuwa na njaa kama wanafunzi wake. Ualimu aliuingia kwa sababu milango mingine ilifungwa. Walimu wengi waliomo humu ndani wanaijua hali hiyo.

Sasa nitazame moja kwa karibu. Mwaka 2007 ilitoka Freedom Writers, na Hilary Swank akaigiza kama Erin Gruwell, mwalimu wa kweli aliyefundisha Long Beach, California, miaka michache baada ya ghasia za Los Angeles za 1992. Wanafunzi wake walikuwa wamegawanyika kwa rangi na kwa magenge. Aliwapa shajara ya Anne Frank, akawapa madaftari waandike maisha yao. Nimeionyesha filamu hii kwa wanafunzi wa ualimu na nimeona macho yao yakijaa machozi, kwa sababu kijana wa Masisi anajua vizuri maana ya kukaa benchi moja na mtoto wa watu ambao nyumbani ameambiwa ni adui. Sehemu hiyo ni ya kweli na inatuhusu.

Lakini kuna jambo jingine katika filamu hiyo. Shule inakataa kuwapa watoto vitabu vizuri, na Gruwell anatafuta kazi ya pili: anauza nguo za ndani dukani. Kisha anatafuta ya tatu, hotelini. Mshahara wa kazi hizo unanunua vitabu. Ndoa yake inavunjika. Filamu inayaonyesha yote hayo kama dalili za moyo mkuu, na mtazamaji anatoka akisema: huyo ndiye mwalimu.

Mwalimu wa Kitshanga akitoka darasani saa sita na nusu, anakwenda wapi? Anakwenda kwenye shamba la mtu kulima maharagi kwa kibarua. Au anasukuma chukudu ya mbao iliyojaa viazi. Au anaendesha pikipiki ya mtu mwingine hadi giza, na jioni anapeleka fedha kwa mwenye pikipiki kabla hajapeleka unga nyumbani. Kazi ya pili, ambayo huko California ilimfanya mwanamke mmoja awe shujaa wa sinema, hapa ni maisha ya kila mwalimu tunayemjua, na hakuna anayempigia makofi. Wala makofi hayatakiwi. Mwalimu anayelima shamba la mtu mchana hasahihishi madaftari usiku. Kila saa anayoitoa huko inakatwa kwa mtoto. Filamu inayotufundisha kushangilia jambo hilo inatufundisha kuzoea wizi, na mwenye kuibiwa ni mtoto.

Inanibidi nizungumzie fedha sasa, maana filamu za mashujaa hazizitaji. Katika nchi yetu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ya Mobutu ilishindwa kuwalipa walimu. Kukawa na mgomo mrefu. Mwaka 1992 wazazi na shule, zile za Kanisa Katoliki zikiwa mbele, walikubaliana kwamba wazazi wachange kidogo kidogo ili milango ifunguliwe. Ndiyo prime. Ilikuwa dawa ya dharura, na dharura ile ilidumu zaidi ya robo karne. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni ya bure; mtoto aliyezaliwa siku katiba inatangazwa alikuwa ameshamaliza shule ya msingi kabla neno hilo halijaanza kutekelezwa. Ni mwezi wa Septemba 2019 tu ndipo serikali ya Félix Tshisekedi ilipoanza kuitekeleza. Mamilioni ya watoto waliingia shuleni. Nililifurahia jambo hilo na bado nalifurahia, maana mama mwenye watoto sita hakuhitaji tena kuchagua nani asome na nani achunge mbuzi. Lakini madarasa yalijaa kuliko mabenchi, na walimu wengi walibaki nje ya orodha ya mishahara ya Kinshasa, wale tunaowaita NU: wanafundisha, wanasahihisha, wanatoa matokeo, na majina yao hayapo. Zamani mzazi alimlipa mwalimu kidogo. Sasa mzazi amekatazwa kumlipa, na serikali haijaanza.

Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, aliliona jambo hili la prime mapema akaliweka kwenye kamera. Filamu yake ya 2014, Examen d'État, ni ya hali halisi, hakuna mwigizaji. Inawafuata vijana wa Kisangani wanaojiandaa kwa mtihani wa Serikali, mtihani uliowekwa tangu miaka ya 1960, ambao bila ya kuupita kijana hana diploma, hana chuo kikuu, na mbele ya watu wengi hana jina. Tunaona darasa. Anaingia kiongozi wa shule na karatasi ya majina. Anaita. Anayeitwa hajalipa prime ya walimu. Anabeba daftari lake, anatoka. Wanatoka mmoja baada ya mwingine, na darasa linapungua mbele ya macho yetu. Hakuna muziki wa kutuliza. Mwalimu yupo palepale, na hawezi kumtetea mwanafunzi, kwa sababu fedha inayodaiwa ndiyo itakayomlisha yeye na wanawe.

Waliofukuzwa wanakodi nyumba, wanalala humo na kusoma humo pamoja. Kijana mmoja anabeba mizigo sokoni mchana. Wengine wanakwenda kwa mchungaji awaombee kalamu zao. Wengine wanatafuta majibu ya kununua. Hamadi hawahukumu, na ndiyo sababu filamu yake imenigusa kuliko zote nilizotaja. Baadhi ya walimu walinung'unika nilipoizungumzia, wakidai inatutukana. Sikubaliani nao. Kwa mara ya kwanza mtengenezaji filamu amemweka mwalimu wa Kongo mahali pake halisi, kati ya mtoto asiye na fedha na serikali isiyolipa, akatuachia tuone nani anakosa. Mwalimu shujaa hayumo. Mashujaa, kama ni lazima wawepo, ni wale vijana wanaofundishana chini ya taa moja.

Nasema haya yote nikiwa Kitshanga, na Kitshanga siyo Kisangani. Tuko yapata kilomita 80 kutoka Goma, mahali Masisi inapopakana na Rutshuru, na njia ya Mweso na Walikale inapita mbele yetu. Kwa hiyo kila jeshi linapotaka kitu milimani, linapita hapa. Mwezi wa Februari na Machi 2013 jeshi la serikali na wapiganaji wa APCLS walipigana ndani ya mji. Watu waliuawa, sehemu kubwa ya nyumba iliungua, na maelfu walikimbilia ukuta wa kambi ya Umoja wa Mataifa. Mwezi wa Januari 2023 mji uliingia mikononi mwa waasi wa M23. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule mapigano yalirudi. Wengi wenu mlikimbia kuelekea Sake na Goma, mkakaa Bulengo na kambi nyingine, na mwanzoni mwa 2025 kambi zile zilipovunjwa mkapanda tena milima.

Wanaotunga filamu hupenda mwalimu anayefika. Hapa mwalimu hafiki. Amezaliwa hapa, au ameolewa hapa, na vita vinapoanza anakimbia na wanafunzi wake kwa njia ileile, na godoro kichwani. Akifika kambini anatafuta watoto anaowatambua, anawakalisha chini ya turubai, anawauliza tulikuwa tumefika wapi. Nimewaona walimu wakifanya hivyo bila daftari la majina, wakiita watoto kwa kukumbuka nani alikaa karibu na nani.

Tazameni asubuhi ya darasa lililolaza wakimbizi, maana wengi wenu mmeziishi asubuhi hizo. Saa kumi na mbili familia zinaamka. Mikeka inakunjwa, masufuria yanatolewa nje, mtoto mchanga anafungwa mgongoni. Chini ya ubao kuna majivu, kwa sababu usiku mvua ilinyesha na akina mama walipika ndani. Mwalimu anafagia majivu. Anahesabu mabenchi, yamepungua, na anajua yamekwenda wapi, ila hamuulizi mtu, kwa sababu mbao zile zilipika uji wa watoto ambao nusu yao ni wanafunzi wake. Saa moja na nusu anaandika tarehe ubaoni. Saa sita na nusu watoto wanatoka na familia zinarudi. Jioni, darasa ni nyumba tena.

Hakuna hotuba hapo, wala hakuna mwanafunzi anayepanda juu ya meza. Ni kazi inayorudiwa, na sinema haijui kupiga picha ya kazi inayorudiwa.

Mtaniambia: lakini mtu mmoja anaweza kubadilisha shule. Mtanitajia Jaime Escalante, na mtakuwa mmechagua vizuri. Escalante alitoka Bolivia. Alianza kufundisha katika shule ya Garfield, mashariki ya Los Angeles, mwaka 1974. Mwaka 1982 wanafunzi wake 18, karibu wote watoto wa wahamiaji kutoka Meksiko, walifaulu mtihani mgumu wa hesabu za juu. Wasahihishaji wakawashuku 14 kati yao. 12 wakakubali kuurudia, wote wakafaulu. Filamu ya 1988, Stand and Deliver, inasimulia hayo, na Edward James Olmos anamwigiza kwa namna ambayo sijaona mwingine akimfikia.

Filamu inatupa picha ya mwaka mmoja au miwili. Ukweli ulichukua miaka mingi. Escalante aliandaa njia polepole: masomo ya likizo katika chuo cha jirani, mwalimu mwenzake Ben Jiménez aliyefundisha kando yake, na mkuu wa shule, Henry Gradillas, aliyemlinda na kumpa nafasi. Mwaka 1987 waliofaulu mtihani ule, ngazi zake mbili, walikuwa 85. Gradillas akaondoka. Escalante akaondoka mwaka 1991. Mwaka 1996 waliofaulu walikuwa 11. Mtu yule alikuwa na kipaji kikubwa, sisemi vinginevyo. Lakini kilichozalisha wale 85 kilikuwa shule nzima, na shule ile ilipofumuliwa, kipaji peke yake hakikuacha kitu nyuma. Sehemu hiyo hamtaiona kwenye filamu.

Kuna filamu fupi ya Kiswahili ambayo nataka kila mwalimu aione: Watu Wote, ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Katja Benrath na kufika hadi kwenye orodha ya Oscar. Inatokana na tukio la tarehe 21 Desemba 2015. Wapiganaji wa Al-Shabaab walisimamisha basi la Mandera, kaskazini-mashariki ya Kenya, wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Mmoja wao alikuwa Salah Farah, mwalimu, naibu mkuu wa shule. Alipigwa risasi, na mwezi wa Januari 2016 akafariki hospitalini Nairobi. Nawaombeni tumkumbuke mtu huyu hapa Kitshanga, ambako pia watu wameulizwa njiani wao ni wa kabila gani.

Nikishamkumbuka, lazima nikumbuke pia tukio la mwaka uliotangulia. Mwezi wa Novemba 2014, katika barabara za Mandera hiyohiyo, basi lilisimamishwa na watu 28 wakauawa. Wengi kati yao walikuwa walimu wakienda nyumbani kwa likizo. Baada ya hapo mamia ya walimu kutoka mikoa mingine walikataa kurudi kaskazini-mashariki, na sina neno la kuwalaumu. Madarasa yalibaki bila walimu. Ujasiri wa mwalimu huyo na wenzake uliwaokoa wengi waliokuwa ndani ya basi lao. Haukuweza kulinda barabara, na barabara isipolindwa mtoto wa Mandera hapati mwalimu wa kemia. Nchi yetu iliunga mkono Azimio la Shule Salama mwaka 2016. Ahadi ilikuwa kwamba wenye silaha wasizitumie shule. Tunajua imetekelezwa vipi, kwa sababu sisi ndio tunaofagia maganda ya risasi.

Nitaje moja tu ya Ufaransa, kwa haraka. Entre les murs ya Laurent Cantet, iliyopata Palme d'Or huko Cannes mwaka 2008, inamwonyesha mwalimu wa Kifaransa katika mtaa wa Paris, na mwalimu huyo anakosea, anakasirika, anamtukana mwanafunzi. Mwisho wa mwaka binti mmoja mkimya anamfuata na kumwambia kwamba hajajifunza kitu. Hakuna anayemkumbatia. Natamani tungekuwa na filamu yetu yenye ujasiri kama huo, maana mwalimu anayeruhusiwa kukosea ndiye mwalimu anayeweza kubaki miaka 20.

Vijana wenye kamera, na najua mpo, maana Goma imewalea watengenezaji filamu tangu Petna Ndaliko Katondolo alipoanzisha Yole!Africa na tamasha lake: njooni mpige picha hapa, lakini msije siku ya vita tu. Njooni siku ya mshahara. Mfuateni mwalimu anayefunga safari kwa miguu kwenda kuchukua fedha yake, akikosa siku za kufundisha na akipita vizuizi vinavyomdai. Mfuateni aliyerudi mikono mitupu mwaka 2025, benki za Goma zilipofungwa, na kesho yake akaingia darasani. Rudini mwaka wa pili na wa tatu. Onyesheni daftari la mahudhurio, onyesheni orodha ya NU.

Wazazi, msimwite mwalimu shujaa kama sadaka ya kufuta deni lake. Mwiteni mfanyakazi, na simameni pamoja naye anapodai mshahara. Wakuu wa shule, mlindeni kama Gradillas alivyomlinda Escalante.

Na kwa wenye mamlaka, popote walipo, Kinshasa, Goma au hapa milimani, ninayo madai mawili ambayo hayahitaji mkutano mwingine. Waingizeni walimu wa NU wa Masisi na Walikale kwenye orodha ya mishahara, wote, kwa majina yao. Na watoeni wenye bunduki ndani ya madarasa yetu na kwenye viwanja vya shule, kabla mwaka mwingine wa masomo haujaanza.